Andikeni mwaka wenyewe, acheni "kila mwaka wa tatu"

Makuhani wa Roma walikabidhiwa kazi moja nyepesi na Julius Caesar, wakaivuruga kwa miaka 36. Kazi yenyewe ilikuwa kuongeza siku moja mwezi wa Februari kila mwaka wa nne, ili kalenda isiachane na jua. Caesar aliianzisha kalenda hiyo mwaka 45 KK. Mwaka uliofuata akauawa kwa visu, na hakubaki wa kuulizwa alimaanisha nini hasa. Makuhani wakahesabu kama walivyozoea kuhesabu Warumi wote: mwaka mrefu wenyewe ni wa kwanza, unaofuata ni wa pili, halafu wa tatu, halafu wa nne ndio huu, ongeza siku. Kwa hesabu yetu sisi hiyo ni kila baada ya miaka mitatu. Ndani ya miaka hiyo 36 wakaongeza siku 12 badala ya 9, hadi Augustus alipoamuru miaka 12 ipite bila siku ya nyongeza ili ziada ile ifutike.

Kisa hiki huwasimulia wateja wangu. Kazi yangu ni kufasiri mikataba na katiba za vikundi hapa Dar es Salaam, na kabla ya hapo nilipita seminari ndogo, tulikokaririshwa Kilatini asubuhi kabla hata uji haujapoa. Kwa hiyo haipiti muda mrefu bila mtu kuketi mbele yangu na kulalamika kwamba Kiswahili ni maskini. Wenzetu, anasema, wana neno moja la jambo linalorudi kila miaka miwili, jingine la mitatu, jingine la mia, na sisi tunaburuza sentensi nzima. Wapo wasomi wanaotaka tuyakope yote, tuyavalishe irabu mwishoni, tuyaingize kwenye kamusi. Mimi sitaki. Maneno hayo ni mazuri masikioni, lakini wenyewe walioyaunda walikwama mbele yake, na waliowarithi wanakwama mpaka leo. Anayeandika katiba, mkataba au tangazo ana dawa iliyo rahisi kuliko zote: ataje miaka yenyewe kwa tarakimu.

Tuanze na hayo maneno, maana yanasifiwa na watu wasioyafungua. Mwaka kwa Kilatini ni annus. Ukiubandikia neno jingine mbele, a yake inageuka e: biennium ni muda wa miaka miwili, triennium mitatu, quinquennium mitano, decennium kumi, millennium elfu moja, ambalo sisi tumelifanya milenia. Perennis ni kile kinachodumu mwaka hata mwaka, na humo ndimo Waingereza walimotoa jina la mimea ya kudumu, mathalani mnazi na mchungwa. Padre aliyetufundisha alikuwa mkali juu ya zile n mbili. Alituambia ukidondosha moja mwaka unageuka ajuza, kwa kuwa anus ni bibi kizee. Maana ya pili ya neno hilo alituachia tuitafute wenyewe kwenye kamusi, na tuliitafuta siku hiyohiyo.

Jambo ambalo watu hawalioni ni kwamba biennium haisemi chochote kuhusu kurudi. Inataja urefu wa muda tu, miaka miwili iliyokaa pamoja. Mrumi aliyetaka kusema jambo hurudi alitumia hesabu ya nafasi, "kila mwaka wa tatu", "kila mwaka wa nne", na humo ndimo makuhani walimozama. Waingereza walichukua neno la urefu wakalifanya la marudio, wakapata biennial, yaani linalotokea mara moja kila miaka miwili. Halafu katika karne ya 19 wakaunda ndugu yake, biannual, linalotokea mara mbili kwa mwaka. Yametofautiana herufi mbili tu, na ukiyatamka haraka hakuna anayeyatenganisha.

Niliwahi kuletewa mkataba wa matengenezo ya lifti za jengo la ofisi. Ukurasa wa nne ulisema ukaguzi mkubwa ni biennial. Kiambatisho cha bei kikasema biannual. Mkataba ulikuwa wa miaka 6, kwa hiyo ilikuwa ama ukaguzi 3 ama ukaguzi 12, na bei ya kila ukaguzi haikuwa ya kuchezea. Aliyeuleta alikuwa kijana wa ofisi ya meneja, ana haraka, bodaboda inamsubiri nje.

"Mzee wangu, shikamoo. Wewe weka tu Kiswahili chake."

"Marahaba. Kiswahili cha kipi kati ya hivi viwili?"

Akaangalia ukurasa, akaangalia kiambatisho, akaangalia ukurasa tena. Akasema mbona ni neno lilelile. Nikamwambia apige simu kwa bosi wake, bosi akampigia fundi wa lifti, na fundi akashangaa kwa kuwa yeye alikuwa akijua anakuja Januari na Julai. Basi nikaandika hivyo: ukaguzi utafanyika mwezi Januari na mwezi Julai wa kila mwaka. Nikashauri na ule wa Kiingereza urekebishwe uandikwe vivyo hivyo. Tazama kwamba Kiswahili, hicho kinachoitwa maskini, hakikuwahi kuwa na nafasi ya kukosea hapo. "Mara mbili kwa mwaka" na "mara moja kwa miaka miwili" hayafanani hata kwa mtu aliyelala nusu.

Lakini sisemi lugha yetu imesalimika. Ule mtego wa makuhani tunao na sisi, tena tumeupata bila kupitia kwa Warumi.

Namna ile ya kuhesabu, ya kuujumlisha mwanzo na mwisho, ilikuwa imeenea sana katika dunia ya zamani. Gulio la Warumi liliitwa nundinae, jina lililotoka kwenye tisa, ilhali lilirudi kila baada ya siku nane. Wagiriki waliyaita mashindano ya Olimpiki ya "mwaka wa tano", na muda kati ya Olimpiki moja na nyingine ulikuwa miaka minne kama sasa. Kristo alisulubiwa Ijumaa akafufuka Jumapili, na kila Mkristo husema siku ya tatu bila kuona tatizo. Waganga wakaipokea hesabu hiyo: homa ya malaria inayopanda leo, kesho ikapumzika, keshokutwa ikapanda tena, waliiita tertiana, homa ya siku ya tatu, na ile inayorudi baada ya saa 72 wakaiita quartana. Majina hayo yalidumu katika vitabu vya tiba vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Mpaka leo Mfaransa akikuambia siku 15, ana maana ya wiki mbili.

Njoo sasa mtaani kwetu. Tuna kikundi cha kufa na kuzikana, turubai moja, viti vya plastiki, masufuria makubwa na daftari la michango. Katiba yetu, ambayo sikuiandika mimi, ilisema uchaguzi wa viongozi utafanyika "kila mwaka wa tatu". Viongozi waliingia Novemba 2021. Ilipofika Novemba 2023 akina mama wa upande wa kisimani wakaja kwenye kikao wakiwa wamejipanga: 2021 mmoja, 2022 wa pili, 2023 wa tatu, mwenyekiti ashuke. Mwenyekiti, mstaafu wa bandari, akasema yeye alichaguliwa mwishoni mwa 2021, mwaka huo hakuuongoza bali aliuaga, kwa hiyo wa tatu ni 2024. Mzee mmoja wa pembeni akazidi kuchafua maji: kwa maoni yake miaka mitatu lazima iishe kwanza, ndipo tuseme mwaka wa tatu umepita, na uchaguzi ungekuwa 2025. Hivyo kauli moja ya maneno manne ikazaa tarehe tatu, na kila mwenye tarehe yake alikuwa na kiti alichokitaka au alichotaka kukilinda.

"Baba Katiba," mama mweka hazina akanigeukia, "wewe uliyesoma kwa mapadre, tuambie."

Nikawaambia kwamba kwa Kirumi akina mama wameshinda, kwa Kiswahili cha siku hizi mwenyekiti ana haki, na kwamba wote wawili wamwachie mzee wetu ubwabwa wake apoze hasira. Wakacheka, lakini hawakukubaliana. Ilichukua vikao kadhaa mpaka tukafuta yale maneno na kuandika Novemba 2024, Novemba 2027, Novemba 2030. Ugomvi ukahamia kwenye swali kama ni Jumamosi au Jumapili, na huo ulikuwa mwepesi.

Usidhani haya ni mambo ya vikundi vya turubai peke yake. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 101, inasema uchaguzi mkuu utafanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Uchaguzi wa kwanza chini ya katiba hiyo ulifanyika tarehe 4 Machi 2013. Uliofuata ukafanyika tarehe 8 Agosti 2017. Hesabu kwa vidole: 2013, 2014, 2015, 2016, 2017. Mwaka wa tano ndio huo, kwa hesabu ileile ya makuhani wa Roma, ingawa ndani yake mna miaka minne na miezi mitano tu. Wapo wabunge waliolalamika kwamba wamekatwa miezi ya utumishi. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Ukianza tena na 2017 kama wa kwanza, wa tano ungekuwa 2021, lakini sikusikia Mkenya hata mmoja aliyejiandaa kupiga kura Agosti 2021. Kifungu ni kimoja na hesabu zimekuwa mbili, na zote mbili zimepita kwa sababu kwa bahati njema watu walikuwa wanajua walichokusudia. Katiba ya nchi inaweza kubebwa na bahati ya namna hiyo, kwa kuwa ina mahakama na wanasheria wa kuiwekea ngazi. Kikundi cha kuzikana hakina.

Sisi wa upande huu wa mpaka tunacheka, halafu tunasema Tanzania hufanya sensa kila baada ya miaka kumi. Orodha ni hii: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012, 2022. Kumi imetokea mara tatu. Kuna pengo moja la miaka 11 na jingine la miaka 14. Siwalaumu waliopanga, maana sensa ni gharama kubwa na serikali zina shida zake. Ninachokataa ni ile "kila" tunayoitamka kana kwamba ni jua na mwezi.

Na hapa Warumi wanarudi mlangoni, kwa sababu neno sensa ni lao. Census ni kukadiria: raia alikuja akaapa, akataja jina, umri, watoto na mali yake mbele ya maofisa wawili, wakampanga kwenye daraja lake la kodi na la jeshi. Kazi ikiisha, watu walikusanyika kwenye uwanja wa Mars nje ya mji, fahali, kondoo na nguruwe wakazungushwa kuwazunguka, kisha wakachinjwa. Tambiko hilo ndilo lililoitwa lustrum, na kwa kuwa sensa ilipaswa kufanyika kila miaka mitano, jina la tambiko likawa jina la muda. Vitabuni lustrum ni miaka mitano. Nje ya vitabu, Augustus mwenyewe alijivunia katika maandishi aliyoyaacha kwamba alifanya lustrum baada ya miaka 42 kupita bila kufanyika hata moja. Ilikuwa mwaka 28 KK, wakahesabiwa raia 4,063,000. Alirudia mwaka 8 KK na mwaka 14 BK. Baada yake mambo yakalegea, na la mwisho lilifanywa na Vespasian na mwanawe Titus, karibu mwaka 74. Neno lilibaki na miaka yake mitano, zima kabisa, huku jambo lenyewe likitokea lilipojaliwa.

Jubilei nayo ina safari yake, ingawa mizizi yake ni ya Kiebrania na Kilatini kiliipokea njiani. Yobel ni pembe ya kondoo dume, iliyopigwa kutangaza mwaka wa 50 ambamo watumwa waliachwa huru na mashamba yakarudi kwa wenyewe, kama ilivyo katika kitabu cha Walawi. Inanifurahisha kwamba karne yetu, tuliyoipata kwa Waarabu, nayo ni pembe: qarn ni pembe ya mnyama na ni miaka mia pia. Papa Bonifasi VIII alitangaza mwaka mtakatifu wa 1300 akiwa na nia uwe wa kila miaka 100. Klementi VI akaona maisha ya mtu ni mafupi, akaufanya wa miaka 50, ukaadhimishwa 1350. Urbano VI akataka 33, umri wa Kristo duniani. Paulo II akaamua 25 mwaka 1470, na ndiyo tuliyonayo: juzi tu mahujaji wetu walikwenda Roma kwa jubilei ya 2025, iliyofunguliwa na Papa Fransisko na kufungwa na Leo XIV Januari 2026. Mara kwa mara imefupishwa. Leo naona mabango mjini ya maduka ya simu yakisherehekea jubilei ya miaka mitano, na siku moja nitaona ya miezi sita.

Hata muongo, neno letu wenyewe, halikutulia. Mabaharia na wakulima wa Pwani na Visiwani walihesabu mwaka wa Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, miongo 36 na siku tano za ziada, wakijua muongo gani upepo unageuka na muongo gani mbegu inaingia ardhini. Leo mtangazaji akisema "muongo mmoja uliopita" anataja miaka kumi. Lugha zote hufanya hivyo na sina kinyongo. Namuonea huruma tu msikilizaji anayedhani ametajiwa mtu mwongo.

Anayedhani mambo ya michezo yamenyooka kuliko ya siasa, atazame AFCON. Tuliambiwa ni kila baada ya miaka miwili. Ilichezwa 2012 kule Gabon na Guinea ya Ikweta, ikachezwa tena 2013 Afrika Kusini, kwa sababu ilitakiwa kuhama ili isigongane na Kombe la Dunia. Ile iliyoitwa ya 2023 ilichezwa Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Mwaka 2027 ni zamu yetu na Kenya na Uganda. Halafu CAF, shirikisho la soka la Afrika, lilitangaza Desemba 2025 kwamba baada ya fainali za 2028 mashindano yatakuwa ya kila miaka minne. Kijana akiuliza yanarudi baada ya miaka mingapi, jibu la haki ni kumuuliza anataka kuanzia lini.

Siku hizi mteja akiniletea katiba yenye "kila baada ya" au "kila mwaka wa", namwandikia kifungu hiki: uchaguzi utafanyika wiki ya pili ya Novemba 2027, 2030, 2033 na 2036, na kabla ya uchaguzi wa 2036 mkutano mkuu utaongeza miaka mingine kwenye orodha. Mwanasheria mmoja, rafiki yangu, alinikosoa akasema sheria haiandikwi kama ratiba ya basi, kwamba kanuni inafaa ijitosheleze milele. Nikamwomba anioneshe katiba ya kikundi chochote mtaani kwake iliyokaa miaka 12 bila kuchapwa upya. Bado anaitafuta.